Kupima Faida ya Kapu la Uwekezaji: Njia Nne kwa Mfano Mmoja

Chukulia mwekezaji wa Dar es Salaam ambaye tarehe 31 Desemba 2022 alikuwa na hisa na vipande (sehemu za mfuko wa uwekezaji wa pamoja) vyenye thamani ya Sh 10,000,000. Kufikia tarehe 30 Juni 2023 mali hiyo ilikuwa imepanda hadi Sh 12,000,000, na siku hiyohiyo, akiwa ametiwa moyo na alichokiona, aliongeza Sh 12,000,000 nyingine, kapu lote likawa Sh 24,000,000. Nusu ya pili ya mwaka bei zilishuka, na tarehe 31 Desemba 2023 alibaki na Sh 21,600,000. Swali lake ni fupi: mwaka huu nimepata asilimia ngapi?

Anaweza kupewa majibu manne: asilimia 116, asilimia 8, hasara ya asilimia 1.82, au hasara ya asilimia 2.49. Jibu la kwanza ni kosa. Matatu yaliyobaki yamekokotolewa kwa usahihi, lakini kila moja linajibu swali lake, na madhara huanza pale mtu anapolichukua jibu la swali moja na kulitumia kuamulia jingine. Mfano huu ni wa kubuni na nimeupunguza makusudi hadi kwenye tarakimu zinazoweza kukaguliwa kwa kikokotoo cha simu. Nitaurudia katika kila njia ili msomaji aone mahali hesabu zinapoachana.

Kwanza, kumbukumbu

Hakuna njia itakayokusaidia kama kumbukumbu zina mapengo. Unahitaji mambo matatu tu: tarehe na kiasi cha kila fedha iliyoingia kwenye kapu kutoka nje, tarehe na kiasi cha kila fedha iliyotoka, na thamani ya kapu lote mwanzoni na mwishoni mwa kipindi. Ukiweza kuandika pia thamani ya kapu katika kila siku uliyoingiza au kutoa fedha, utakuwa umejiandaa kwa njia zote.

Neno "nje" ndilo linalowachanganya wengi. Ukiuza hisa za benki moja na kununua za kampuni nyingine kupitia dalali wako, hakuna fedha iliyoingia wala kutoka. Mali imebadili sura ndani ya kapu lilelile. Ukitoa fedha kwenye akaunti ya mshahara kununua vipande, hiyo imeingia. Gawio lililopokelewa na kubaki kwenye akaunti ya uwekezaji halijatoka, ila gawio lililotumwa kwenye benki au simu yako na kuishia kwenye ada ya shule limetoka, na ni lazima liandikwe hivyo. Kwa kuwa wawekezaji wengi wa Soko la Hisa la Dar es Salaam hulipwa gawio moja kwa moja nje ya akaunti ya dalali, hili ndilo pengo ninaloliona mara nyingi kuliko yote: mtu analinganisha bei ya hisa ya mwaka jana na ya mwaka huu, anahuzunika kwamba haijasogea, na anasahau gawio alilokula.

Andika gawio kama lilivyofika mkononi. Kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la Dar es Salaam hukata kodi ya zuio ya asilimia 5, hivyo mwenye hisa 1,000 zilizotangaziwa gawio la Sh 100 kwa hisa anaandika Sh 95,000. Vivyo hivyo kwa gharama za ununuzi: kama hisa zenyewe zilikuwa za Sh 2,000,000 lakini ulimlipa dalali jumla ya Sh 2,040,000 pamoja na ada zote, kilichoingia kwenye kapu ni Sh 2,040,000, na ile Sh 40,000 itajionyesha yenyewe kama hasara ndogo ya siku ya kwanza. Ni haki ijionyeshe, kwa sababu ni fedha yako.

Kuthamini kapu kunahitaji uangalifu zaidi ya watu wanavyodhani. Tarehe 31 Desemba 2022 ilikuwa Jumamosi na tarehe 31 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili, hivyo katika mfano wetu bei za kufungia mwaka ni za Ijumaa zilizotangulia, yaani tarehe 30 na tarehe 29. Kwenye soko lenye kampuni chache zinazouzwa kila siku, bei iliyoandikwa inaweza kuwa ya mauzo ya siku nyingi nyuma; itumie, kwa kuwa ndiyo iliyopo, lakini weka alama pembeni ili ujue kwamba sehemu hiyo ya thamani ni ya kukisia. Kwa hatifungani za serikali, ambazo hulipa riba mara mbili kwa mwaka, ongeza riba iliyokwisha kulimbikizwa lakini haijalipwa. Mwenye hatifungani ya Sh 10,000,000 yenye riba ya asilimia 12 hulipwa Sh 600,000 kila nusu mwaka, na miezi mitatu baada ya malipo ya mwisho ana takriban Sh 300,000 ambazo ni zake ingawa hazijafika benki. Ukiziacha, utaonyesha robo mwaka mbaya na kufuatiwa na robo mwaka nzuri, na zote mbili zitakuwa za uongo.

Njia ya kwanza: faida juu ya mtaji wote

Jumlisha thamani ya mwisho na fedha ulizotoa, ondoa jumla ya fedha ulizoweka, kisha gawanya kwa jumla uliyoweka. Mwekezaji wetu ameweka 22,000,000, ana 21,600,000, amepoteza 400,000. Ukigawanya 400,000 kwa 22,000,000 unapata hasara ya asilimia 1.82.

Ile asilimia 116 inatokea pale mtu anapolinganisha 21,600,000 na 10,000,000 za mwanzo, akisahau kwamba 12,000,000 zilitoka mfukoni mwake mwenyewe. Kosa hili linaonekana la kitoto likiandikwa hivi, lakini hujificha vizuri katika picha ya mstari unaopanda kwenye programu ya simu, kwa sababu mstari huo hupanda unapoweka fedha kama unavyopanda bei zinapopanda.

Njia hii inafaa pale fedha yote iliwekwa siku moja na haikuguswa. Ikiwa fedha iliingia kwa mafungu, inayachukulia mafungu yote kana kwamba yalifanya kazi kwa muda uleule. Milioni kumi na mbili zilizokaa miezi sita zinabeba uzito sawa na ambao zingebeba kama zingekaa mwaka mzima, na hapo ndipo njia tatu zinazofuata zinapohitajika.

Njia ya pili: uzito wa muda

Njia hii inauliza shilingi moja iliyokuwa ndani tangu mwanzo hadi mwisho ilikua kwa kiasi gani, bila kujali mwenye mali aliongeza au kupunguza nini njiani. Unakikata kipindi kila mara fedha inapoingia au kutoka, unapata kiwango cha kila kipande cha muda, kisha unazidisha.

Kipande cha kwanza: 12,000,000 ÷ 10,000,000 = 1.20. Thamani inayogawanywa ni ile ya kabla ya fedha mpya kuingia. Ukitumia 24,000,000 hapa umeharibu kila kitu. Kipande cha pili: 21,600,000 ÷ 24,000,000 = 0.90. Zidisha: 1.20 × 0.90 = 1.08. Faida ni asilimia 8.

Mtu aliyepoteza Sh 400,000 anaposoma "faida ya asilimia 8" ana haki ya kukasirika, na bado tarakimu hiyo ni sahihi. Inasema kwamba mali zilizochaguliwa zilipanda asilimia 20 na kushuka asilimia 10. Kwamba fedha nyingi zilikuja baada ya kupanda na kabla ya kushuka si kosa la mali hizo wala la aliyezichagua. Ni suala la mwenye fedha na wakati alioamua kuziongeza. Kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kumpimia meneja wa mfuko, ambaye hana mamlaka juu ya siku wateja wanayoleta au kutoa fedha. Huko Marekani, taasisi ya utafiti ya mabenki iliipendekeza mwaka 1968 kwa ajili ya mifuko ya pensheni, na viwango vya kimataifa vya kuripoti matokeo ya uwekezaji vinavyosimamiwa na CFA Institute, chama cha kimataifa cha wataalamu wa uwekezaji, vimejengwa juu ya msingi huohuo, ingawa toleo la mwaka 2020 linaruhusu njia ya uzito wa fedha, ya tatu hapa chini, kwa mazingira maalumu, kama pale ambapo meneja ndiye mwenye kuamua lini fedha iingie na lini itoke.

Msomaji mwenye vipande vya UTT AMIS, kampuni inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja Tanzania, ameitumia njia hii miaka mingi bila kuitaja. Bei ya kipande haipandi kwa sababu watu wapya wameleta fedha, kwani kila anayeingia hupewa vipande vipya kwa bei ya siku hiyo. Kwa hiyo badiliko la bei ya kipande kati ya tarehe mbili ndilo kiwango cha uzito wa muda cha mfuko huo. Tahadhari ni moja: kwa mfuko unaowagawia wenye vipande mapato ya mara kwa mara, kama ule wa Hatifungani kwa waliochagua kulipwa, bei ya kipande peke yake hupunguza ukweli, na ni lazima kila gawio lirudishwe kwenye hesabu kana kwamba lilinunua vipande vingine siku lilipolipwa.

Njia ya tatu: uzito wa fedha

Sasa geuza swali. Mwekezaji hataki kujua shilingi moja ya mfano ilifanya nini. Anataka kujua shilingi zake zote, pamoja na maamuzi yake ya lini kuziweka, zimezaa kiasi gani kwa mwaka. Tunatafuta kiwango kimoja ambacho, kama benki ingekilipa kwa kila fungu tangu siku lilipoingia, kingefikisha kapu kwenye thamani ileile ya mwisho.

Kiwango hiki hakipatikani kwa kugawanya mara moja. Hutafutwa kwa kujaribu na kurekebisha, na kompyuta hufanya hivyo kwa sekunde. Kwenye lahajedwali ya Excel au ya Google andika tarehe katika safuwima A na kiasi katika safuwima B, fedha uliyoweka ikiwa na alama ya kutoa na fedha uliyopokea ikiwa bila alama:

31/12/2022, −10,000,000
30/06/2023, −12,000,000
31/12/2023, 21,600,000

Ukianzia seli ya pili, andika =XIRR(B2:B4,A2:A4), nawe utapata takriban −0.0249, yaani hasara ya asilimia 2.49 kwa mwaka. Hakiki mwenyewe: milioni kumi zikipungua kwa kiwango hicho kwa mwaka mzima, na milioni kumi na mbili kwa siku 184, jumla inarudi kwenye 21,600,000.

Hitilafu zinazojitokeza mara nyingi ni tatu. Tarehe iliyoandikwa kwa namna ambayo programu haiitambui hubaki kuwa maandishi, na jibu huja kama #VALUE!; badilisha muundo wa seli uwe wa tarehe. Kama umesahau alama ya kutoa, namba zote zikawa upande mmoja, utapata #NUM!. Ya tatu haitoi onyo lolote: mtu anasahau kuandika thamani ya kapu la leo kama fedha ya mwisho kupokelewa, na hesabu inaamini kwamba mali yote imepotea isipokuwa gawio. Hata kama hujauza kitu, andika thamani ya leo kana kwamba umeuza leo.

XIRR pia hukipeleka kila kipindi kwenye kipimo cha mwaka. Faida ya asilimia 5 iliyopatikana ndani ya siku 60 itaandikwa asilimia 34.6, kwa kuchukulia kwamba bahati hiyo itajirudia mara sita. Kwa kipindi kilicho chini ya mwaka, andika faida ya kipindi chenyewe na utaje siku zake; viwango vya kimataifa vinakataza kabisa kukigeuza kuwa cha mwaka. Na kwa kapu ambalo fedha zimeingia na kutoka kwa zamu, mlinganyo unaweza kuwa na majibu zaidi ya moja. Ukiona jibu la ajabu, ongeza sehemu ya tatu katika fomula, yaani makisio yako ya kuanzia, mfano −0.2, na uone kama jibu linabadilika.

Njia ya nne: Dietz iliyorekebishwa

Peter Dietz, Mmarekani aliyeandika juu ya upimaji wa mifuko ya pensheni katika miaka ya 1960, aliacha njia inayoweza kufanywa kwa kalamu. Toleo lake lililorekebishwa linagawanya faida au hasara kwa mtaji wa mwanzo ukijumlisha kila fungu lililoingia, fungu hilo likiwa limezidishwa kwa sehemu ya kipindi ambayo lilikuwemo ndani.

Milioni kumi na mbili ziliingia zikiwa zimebaki siku 184 kati ya 365, uzito wake ni 0.5041, hivyo zinahesabiwa kama 6,049,000. Mtaji uliofanya kazi ni 16,049,000. Hasara ya 400,000 ukiigawanya kwa hiyo unapata asilimia 2.49, sawasawa na XIRR hadi desimali ya pili. Fedha iliyotoka unaipa uzito kwa namna ileile, kisha unaipunguza badala ya kuiongeza.

Huitwa mara nyingi kadirio la njia ya uzito wa muda, na mfano wetu unaonyesha kwa nini maelezo hayo yanahitaji nyongeza. Ikitumika kwa mwaka mzima mara moja, imetoa jibu la fedha na kuwa mbali kabisa na asilimia 8. Inakuwa kadirio la uzito wa muda pale tu unapoikokotoa mwezi kwa mwezi na kuzidisha miezi hiyo pamoja, kwa kuwa ndani ya mwezi mmoja fedha na bei hazina nafasi ya kutofautiana sana. Kwa asiye na thamani ya kapu la kila siku aliyoweka fedha, lakini anayepata taarifa ya mwisho wa mwezi, hii ndiyo njia ninayoipendekeza.

Kuchagua

Ukitaka kujua kama mpango wako wa kulipia ada ya chuo cha mtoto unakwenda kama ulivyokusudia, tumia uzito wa fedha, kwa sababu ada italipwa kwa fedha iliyopo na si kwa kiwango cha shilingi ya mfano. Ukitaka kujua kama aliyekushauri hisa amefanya vizuri kuliko soko, au ulinganishe mifuko miwili, tumia uzito wa muda. Ukiwa na zote mbili, tofauti kati yake ni habari yenye thamani: katika mfano wetu asilimia 8 juu na 2.49 chini zinamwambia mwekezaji kwamba tatizo lake si mali alizochagua bali ni wakati aliouchagua, na kwamba pengine angefaidika kuweka kiasi kilekile kila mwezi badala ya kusubiri bei zipande ndipo aongeze.

Usilinganishe XIRR yako na fahirisi ya soko, yaani kipimo cha mwenendo wa bei za soko zima, moja kwa moja. Tengeneza kapu kivuli: chukua fedha zako zilezile katika tarehe zilezile, zinunulie kwenye fahirisi au mfuko unaolinganisha nao, kokotoa XIRR ya kapu hilo, kisha linganisha. Kumbuka pia kwamba fahirisi inayofuata bei za hisa pekee haina gawio ndani yake, hivyo kuishinda kwa kapu lenye gawio si ushindi kamili.

Kwa miaka mingi, usitafute wastani kwa kujumlisha na kugawanya. Mwaka wa faida ya asilimia 50 ukifuatwa na mwaka wa hasara ya asilimia 40, wastani wa kujumlisha ni faida ya asilimia 5, ilhali shilingi 100 zimekuwa 150 kisha 90. Zidisha viwango (1.5 × 0.6 = 0.9), tafuta kipeuo cha idadi ya miaka, na utapata hasara ya asilimia 5.13 kwa mwaka.

Aliyeko Muscat au Minnesota anayewekeza nyumbani ana hatua moja zaidi. Faida ya asilimia 10 kwa shilingi, dola ikiwa imetoka Sh 2,500 hadi Sh 2,700, ni 1.10 × 2,500 ÷ 2,700, yaani asilimia 1.85 tu kwa dola. Mfumuko wa bei hushughulikiwa kwa mgawanyo uleule: asilimia 12 katika mwaka wa mfumuko wa asilimia 4 ni 1.12 ÷ 1.04, faida halisi ya asilimia 7.69.

Fedha ya kikundi

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma. Niliwahi kutunza hesabu za kikundi cha uwekezaji ambacho wanachama waliingia kwa nyakati tofauti, na kwa miaka miwili tuligawana faida kwa uwiano wa michango. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini tulikuwa tukiwapunja waliotangulia, na tuligundua wakati mmoja wao alipotaka kutoka.

Rudi kwenye mfano, ila sasa 10,000,000 ni za mwanachama wa kwanza na 12,000,000 ni za wa pili aliyejiunga Juni. Kwa uwiano wa michango, wa kwanza atapewa kumi juu ya ishirini na mbili ya 21,600,000, yaani takriban Sh 9,818,000, na ataambiwa amepata hasara. Tumia vipande badala yake. Siku ya kwanza gawa kapu katika vipande 100,000 vya Sh 100 kila kimoja. Tarehe 30 Juni kapu ni 12,000,000, kipande ni Sh 120. Milioni kumi na mbili za mgeni zinanunua vipande 100,000. Mwisho wa mwaka 21,600,000 kwa vipande 200,000 ni Sh 108. Kila mmoja ana Sh 10,800,000: wa kwanza amepata faida ya asilimia 8, wa pili amepata hasara ya asilimia 10, na hivyo ndivyo soko lilivyowatendea. Tofauti kwa wa kwanza ni karibu Sh 982,000.

Daftari la vipande linahitaji safuwima sita tu: tarehe, jina, thamani ya kapu kabla ya fedha kuingia, bei ya kipande, fedha iliyoletwa au kutolewa, na vipande vilivyoongezwa au kufutwa. Andikeni katika katiba ya kikundi kwamba kapu litathaminiwa siku maalumu, kwa mfano Ijumaa ya mwisho ya mwezi, na kwamba michango yote ya mwezi itanunua vipande kwa bei ya siku hiyo, ili mtu asichague kuleta fedha baada ya kusikia habari njema ambazo bado hazijaingia kwenye bei. Anayetoka alipwe kwa bei ya siku ya kuthamini inayofuata ombi lake, na gharama za kuuza mali ili kumlipa zikatwe kwenye malipo yake kabla vipande vyake havijafutwa, zisije zikabebwa na waliobaki.